Maneno Nyuma ya Picha

Kaloleni, Nairobi
14 Machi 1999

Mwanangu Mutheu,

Pokea salamu za nyumba nzima, na umwambie Habibo, mwenzako wa chumba anayekusomea barua, kwamba zake zimo humu humu, asijione mtu wa pembeni. Sisi tu wazima. Mvua bado. Watu wa kanjo, baraza letu la jiji, walikuja kuzipima nyumba zetu upya, wakapima mpaka vyoo, wakaenda zao, na hakuna aliyetuambia walikuwa wakitafuta nini.

Habari kubwa ni ya Wanza. Jumamosi iliyopita tulikuwa nyumbani Mbooni, na mzee Kiilu wa Mowlem akaleta mbuzi wa ntheo kwa niaba ya mwanawe Kyalo. Namweleza Habibo, kwa kuwa kwao huenda mambo ni tofauti: kwetu Wakamba, mbuzi wa siku hiyo wakishachinjwa na pande mbili zikala nyama yao, msichana amekuwa mke wa ukoo ule. Arusi ya kanisani itakuwa Desemba, lakini iliyobaki ni keki na nyimbo. Dada yako alicheka mpaka akaenda kujificha jikoni.

Uliniuliza ofisi yangu inafanya nini, maana jina lake refu linakuchosha. Nitakueleza kwa mtungi wa gesi. Unakumbuka mama yako mkubwa alivyonunua mtungi wa kampuni moja, halafu dukani wakawa na gesi ya kampuni nyingine, na kile kichwa cha kufungia kikakataa kuingia? Tulipikia makaa wiki nzima na mtungi tunautazama. Kurasa za mtandao nazo zinaelekea huko huko. Mtu anatengeneza ukurasa unaofunguka kwenye mashine ya aina yake tu. Ndiyo maana kuna chama cha kimataifa kinachotunga kanuni, ili ukurasa wowote ufunguke kwenye mashine yoyote, kwa mtu yeyote. Katika kila nchi chama kinataka ofisi ya kuzieneza. Hapa ofisi hiyo ni mimi, karani mmoja, na chumba juu ya duka la viatu Jogoo Road. Ukurasa ukifuata kanuni, natia sahihi, nao unapata alama yetu.

Kampuni moja imetengeneza kurasa za matangazo ya kazi za serikali na inaomba alama hiyo. Ikiipata, itakuwa ya kwanza nchini. Programu yetu ya kukagua imepita humo na haikuona kosa hata moja. Lakini wewe unayo kompyuta inayosema. Anwani ya majaribio nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nijaribie, kisha unijibu kwa barua ya kawaida. Anwani ya kompyuta ya ofisi ni moja na husomwa na yeyote aliyekalia kiti. Tena uliniambia mashine yako husoma Kiswahili kama mzungu aliyelewa.

Baba yako mkubwa,
Matheka

*

Birmingham
9 Aprili 1999

Baba Mkubwa mpendwa,

Nimeipiga barua hii kwa taipureta mwenyewe, kwa hiyo makosa ni ya vidole vyangu, si ya Habibo. Yeye anakusalimu na kusema kwamba kwao mbuzi hutolewa pia, tena wengi, ila wenyewe hawakai wakingojea keki. Nimefurahi sana kwa ajili ya Wanza. Mwambie nataka kipande cha kitambaa cha gauni lake, nikishike.

Kozi ya uendeshaji wa simu inakwisha Desemba. Naweza kushughulikia laini nyingi kwa wakati mmoja na nikajua kwa sauti tu ni nani anayekaribia kukasirika.

Sasa kurasa zako. Nilizifungua, mashine ikaanza kusoma. Ilisema: Picha. Picha. Picha. Picha. Habibo alikuwa akisuka nywele, akainuka akaipiga mashine ubavuni. "Imekwama hii!" Haikukwama. Nilishuka mpaka chini ya ukurasa, ni picha tupu. Nikaingia ukurasa wa pili, vivyo hivyo.

Nikamwomba Habibo anisomee kwa macho yake. Anasema kila tangazo ni barua halisi ya serikali, ina nembo juu, sahihi chini, na muhuri wa zambarau umegongwa kando, yote yamepigwa picha na kubandikwa. Kanuni yako si inasema kila picha iwe na maneno nyuma yake, kwa ajili ya sisi tusioona? Basi mtu huyo amefuata. Nyuma ya kila picha ameandika neno moja: picha.

Tangazo la tatu, Habibo anasema, linatafuta waendesha simu. Ndiyo kazi niliyokuja kusomea huku. Naambiwa kuanzia mwakani wizara itaweka matangazo yote huko kwanza kabla ya magazetini. Nikirudi Januari nitayasomaje?

Mtu huyo ni nani, Baba Mkubwa? Nimecheka, lakini mwisho kicheko kilikatika.

Mwanao,
Mutheu

*

Kaloleni
20 Juni 1999

Mwanangu Mutheu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua ilikuja yote mara moja na paa la jikoni likavuja. Mzee Wafula, jirani yetu, alipanda kuziba, na akiwa huko juu akagundua kwamba lake linavuja kuliko letu. Mama yako mkubwa alikuwa na homa, sasa anatembea. Kitambaa cha gauni kimo ndani ya bahasha hii. Wanza anasema usikishike ukiwa umetoka kula.

Kuhusu kurasa, bado naangalia. Jambo hili linataka utulivu. Inawezekana mashine yako ni ya zamani kidogo, au haijui neno la Kiswahili likiwa nyuma ya picha. Vilevile ni vizuri kuelewa upande wa serikali. Ofisa wetu haamini karatasi isiyo na muhuri, na raia wetu pia haamini. Tangazo la maneno matupu watu wangeliita uongo. Kwa hiyo anayetengeneza kurasa anabanwa: ameambiwa muhuri uonekane, na muhuri hauonekani bila picha.

Wakubwa wa chama huko Ulaya wananiandikia kila wiki. Wanataka alama ya kwanza itolewe kabla mwaka haujaisha, wapate kusema nchi yetu imeanza.

Kula vizuri. Jumapili kanisani walikuulizia.

Baba yako mkubwa,
Matheka

*

Birmingham
11 Julai 1999

Baba Mkubwa,

Salamu. Mimi ni mzima, Habibo ni mzima, kitambaa ni laini sana. Mama Mkubwa apone kabisa.

Barua yako ilisomwa mara mbili. Mara ya pili Habibo alisimama katikati akasema, "Mzee wako huwa anaeleza mpaka mtu anasinzia. Mbona leo anaeleza na bado sielewi?" Nami nilikuwa nimefikiri hivyo hivyo.

Mashine yangu si mbovu. Imekwisha kunisomea mengi, hata kwa Kiswahili chake cha ulevi. Na jina la mwenye kampuni hukunitajia, ingawa ndilo swali pekee nililouliza.

Juma hili nimepata barua ya Wanza. Ameandika kurasa tatu juu ya viatu. Halafu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, anasema Kyalo hapatikani siku hizi kwa sababu yeye na baba yake wanamalizia kurasa za serikali, na kwamba baba, yaani wewe, ndiye atakayezipitisha, kwa hiyo mambo yamebaki nyumbani.

Ni kweli?

Mutheu

*

Kaloleni
1 Agosti 1999

Mwanangu,

Mama yako mkubwa amepona. Sina habari nyingine za kutanguliza.

Ni kweli. Kampuni ni ya mzee Kiilu, na aliyeandika neno lile nyuma ya kila picha ni Kyalo. Nilikaa kimya kwa sababu barua zangu husomwa na Habibo, ambaye ni mtoto wa watu, na mambo ya ukwe hayasemwi mbele ya wageni. Habibo, unisamehe. Unasoma haya kwa sauti yako mwenyewe na huna kosa.

Nitakueleza nilipo. Tulipokwenda Mbooni nilijua ameomba alama, lakini programu ilikuwa imekwisha kusema hakuna kosa, nikaona hakuna la kugongana. Kisha ikaja barua yako. Sasa mtu akishakuwa mkwe, kwetu humsemi vibaya mbele ya watu. Humkatalii usoni. Ukiwa na neno naye, unatuma mtu. Na kukataa kumtilia sahihi ni kumsema mbele ya nchi nzima, maana lazima niandike sababu, na sababu hubandikwa hadharani.

Kila Jumapili tunakaa benchi moja. Ananipa mkono, ananiita muthoni, yaani mkwe, ananiuliza, "Muthoni, ile sahihi bado?" Namwambia bado. Anacheka. Ananionea huruma, anadhani ni uvivu wa Wazungu. Nikitia sahihi, kila kipofu wa nchi hii atakuta jina langu chini ya ukurasa usiosema kitu. Nisipotia, Wanza atakuwa mke wa nyumba ambayo baba yake ameiaibisha.

Nimewaza njia. Ofisi ikipata malalamiko kutoka kwa mtumiaji, hasa wa nje, kanuni zinanilazimisha kusimamisha kila kitu. Hapo si mimi niliyesema. Ni utaratibu. Ungeandika barua rasmi kwa Kiingereza, kwa jina lako la ubatizo tu, bila la ukoo. Fupi. Mambo yangekaa sawa bila mtu kuumia.

Fikiri polepole.

Baba yako mkubwa,
Matheka

*

Birmingham
29 Agosti 1999

Baba Mkubwa,

Sitaandika.

Umenilea tangu surua iliponichukua macho, na kila mgeni alipouliza "Huyu anakula nini?" ulimjibu, "Muulize mwenyewe, ana mdomo." Leo unataka mdomo wangu uufiche wako. Wanza ni dada yangu kama alivyo binti yako. Kitu hiki kikivunja arusi yake, unadhani hatatambua ni kipofu gani aliyeandika kutoka Birmingham?

Usikatae kwa ajili yangu, na usikubali kwa ajili yake. Wewe ndiye mwenye ofisi.

Habibo anasema amekusamehe.

Mutheu

*

Kaloleni
17 Oktoba 1999

Mwanangu Mutheu,

Nimeziba masikio kwa barua yako muda mrefu, halafu nikaona nisome tena. Ulisema sawa. Nisikilize sasa.

Nilimtuma Wafula kwa mzee Kiilu kuomba siku. Tukapewa Jumamosi. Tulikwenda Mowlem na kreti ya soda na kilo mbili za sukari, kama inavyotakiwa. Alikuwapo Kiilu, mkewe Nthoki, na Kyalo. Wafula ndiye aliyetangulia kusema, maana mimi sikuruhusiwa.

"Mzee Kiilu," akasema, "mimi ni Mbukusu, mnisamehe nikienda haraka. Huku kwenu mtu huketi mpaka matako yanakufa ganzi ndipo aulizwe ametaka nini."

"Wafula," Kiilu akasema, "wewe ungekuwa Mkamba ungekuwa umeshaoa wake watano. Hungoji."

Tukacheka. Kwa muda kidogo nilidhani itapita vizuri. Wafula akaeleza kwamba kurasa zina upungufu, kwamba wasioona wakizifungua wanasikia neno moja tu, na kwamba mimi naomba matangazo yaandikwe upya kwa maneno, muhuri ubaki pembeni.

Kiilu hakukasirika. Aliweka kikombe chini akanigeukia mimi mwenyewe. "Matheka, programu yako ndiyo iliyonikagua?"

"Ndiyo."

"Ilisema nina makosa mangapi?"

"Hakuna."

"Sasa unanihukumu kwa kanuni gani?"

"Kwa ile ile. Inasema maneno yafanye kazi ya picha. Neno 'picha' halifanyi kazi yoyote."

"Imeandikwa wapi kwamba neno hilo limekatazwa?"

"Haikuandikwa hivyo."

"Basi."

Kyalo akasema, akitazama viatu vyake, "Mzee, matangazo ni mob, hayaishi, na wizara walikuwa wanayataka jana. Kila siku wanaleta mengine. Ningeyaandika yote saa ngapi? Si hata hao wasioona ni wachache?"

Wafula akamwambia, "Kijana, huko usiende."

Mama Nthoki aliitazama sukari yetu mezani. Akasema, "Tulikula mbuzi pamoja Mbooni. Leo umetuletea mkaguzi na sukari."

Kiilu akamwinulia mkono anyamaze. "Sijakuomba unipendelee, muthoni. Nimekuomba ukubali kile ambacho mashine yako imekwisha kukubali. Huo ndio upendeleo?"

Mutheu, mtu huyo alikuwa na haki yake. Kanuni ilikuwa na tundu, naye akapita humo kwa adabu. Nimeeleza mambo maisha yangu yote, na siku ile sikupata la kueleza. Nikasema tu, "Sitatia sahihi."

Hakupaza sauti. Alimwambia Kyalo anisindikize mpaka barabarani, kama mgeni aliyekuja mara ya kwanza. Kijana alitembea nami hadi kituoni, akasubiri nipande, akarudi.

Jumapili iliyofuata mchungaji ndiye aliyeniletea habari. Arusi imesogezwa "mpaka mzee Matheka atakapopata nafasi". Unaelewa maana yake. Hawajadai mbuzi wao warudishwe, kwa hiyo Wanza si wa kwangu. Hawamchukui, kwa hiyo si wa kwao. Hakuna mwingine atakayekuja kumwomba, maana mbuzi walishaliwa.

Aliniuliza swali moja jioni ile: "Baba, wale mbuzi waliletwa kwa ajili yangu au kwa ajili ya ofisi?" Nikaanza kueleza. Akaingia chumbani akafunga. Nyumba yenyewe unaijua, vyumba viwili, hakuna pa kukasirikia. Anapita mbele yangu na kikombe, na akitaka chumvi anamwambia mama yake aniambie nimpe chumvi.

Lililobaki nitakuambia ili usije ukalisikia kwingine. Kurasa zilifunguliwa rasmi juma lililopita bila alama. Palikuwa na hotuba na utepe. Hakuna aliyeuliza alama iko wapi. Wizara haikuwa inaijua. Ni Kiilu tu aliyeitaka, imfungulie kazi za mashirika ya nje, na ni Ulaya tu waliokuwa wakiisubiri. Wameniandikia kwamba wamesikitika, na mwakani wataona kama ofisi iendelee.

Neno lile bado liko nyuma ya kila picha.

Baba yako mkubwa,
Matheka

*

Birmingham
21 Novemba 1999

Baba Mkubwa,

Salamu kwako na kwa Mama Mkubwa. Huku baridi imeingia hata kwenye funguo za taipureta. Hospitali moja hapa imeniuliza kama nitabaki kwenye ubao wao wa simu. Nimewaambia nitawajibu. Sijui nitawajibu nini. Nikibaki, nimekimbia ukurasa. Nikirudi, nakuja kukaa mlangoni pake.

Sitakushukuru. Nilikuambia usifanye kwa ajili yangu, na nikikushukuru nitakuwa nimesema ulifanya.

Nataka Wanza asikie barua hii yote, pamoja na hapa: Wanza, mimi ndiye niliyemwambia baba kuhusu picha. Alinitaka niandike kwa siri ili asiumie yeyote, nikakataa. Ningeandika, leo ungekuwa unashona vifungo vya gauni. Nililijua hilo nilipokataa. Nuna, lakini ugawe kununa kwako. Usimpe yeye peke yake.

Juzi nilizifungua zile kurasa tena. Nilitaka kusikia mwenyewe. Habibo alikuwa kazini, nilikuwa peke yangu na mashine. Ikasema picha, picha, picha, kutoka juu mpaka chini, na mimi nazihesabu kwa uvumilivu. Kila ukurasa wenye alama, mwishoni kabisa mashine hutaja jina la ofisi iliyokubali na la aliyetia sahihi. Nilikuwa nimejikaza kusikia jina lako. Sikuamini barua yako, Baba Mkubwa, nisamehe. Nilidhani ungekuwa umelainika baada ya kuiandika. Mashine ilifika mwisho, ikanyamaza. Niliirudisha juu, nikasikiliza picha zote tena, ili tu nifike pale inaponyamaza.

Mutheu

*

Kaloleni
12 Desemba 1999

Mwanangu Mutheu,

Tu wazima. Leo ilikuwa iwe siku ya arusi. Mama yako mkubwa alipika kama kawaida ya Jumapili, hatukwenda kanisani. Kuhusu hospitali sina ushauri. Ni mara ya kwanza kwangu kukosa, nawe utanivumilia.

Ulitaka Wanza aisikie barua yako. Nilimwita mezani, hakuja. Basi nikachukua kiti nikakiweka mbele ya mlango wa chumba chake, nikaisoma kwa sauti, yote, na pale unapomwambia agawe kununa. Nilidhani amelala, au ameziba masikio kwa mto. Nikaendelea mpaka mwisho, nikakunja karatasi.

Akasema kutoka ndani, "Rudia pale mashine ilipofika mwisho."

Mlango hakuufungua. Nikakunjua barua nikarudia.

Baba yako mkubwa,
Matheka